Barua ya Wazi kwa Mwenye Foleni

Kwa Msimamizi wa Foleni,
Kompyuta Kuu ya Pamoja.

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Tawa, Makueni. Hesabu zangu za kukadiria mvua za vuli zinangoja zamu kwenye mashine yako tangu wiki jana. Watu wa huku wanataka kupanda ndengu, na mvua haina desturi ya kupanga foleni.

Sikulaumu. Nakupongeza kwa kutufunza uongo bila karo. Kanuni yako yadai kila mtu ataje saa atakazotumia. Akizidisha, kazi inakatwa. Yangu huchukua saa sita. Nilipoandika sita, ilikatwa ikibakiza dakika kumi. Sasa naandika 48. Mwenzangu, mzee wa kanisa, huandika 72.

Juzi lilitokea pengo la saa saba kwenye ratiba ya mashine. Kazi yangu ingeingia humo na kutoka, lakini programu yako ilisoma 48 ikanipita. Uongo wangu mwenyewe ukanifungia mlango! Watafiti Ahuva Mu'alem na Dror Feitelson walionyesha mwaka 2001 kwamba makadirio ya watumiaji wa mashine hizi hupotoka sana. Naye John Nash, mwananadharia wa michezo, alishaeleza mwaka 1950 kwa nini hatutoki hapa: nikisema kweli peke yangu, nitakatwa peke yangu.

Njoo kisimani kwetu basi. Mitungi ya lita 20 hupangwa mstari, wenyewe wakiwa kivulini. Wajanja walikuwa wakipanga mitungi ya majirani waliolala nyumbani. Mama mwenye ufunguo wa kisima hakuhubiri. Mtungi usio na mwenyewe aliutoa mstarini kwa teke, na aliyeuweka akateka maji wa mwisho siku iliyofuata. Mwenye mtungi mmoja hupita mbele ya mwenye punda wanne. Mama huyo hajasoma nadharia ya michezo. Anawajua tu wateja wake, na pengine ndiyo nadharia yenyewe.

Wewe unamwadhibu aliyekosea kwa dakika kumi, ukamwacha aliyeongopa kwa siku mbili. Geuza. Anayezidisha kidogo aachwe amalize, alipie saa hizo kwenye mgao wake. Aliyetaja 72 akatumia sita aanzie nyuma wiki ijayo.

Ukikubali, nitaandika saba: sita za hesabu, moja ya woga.

Wako mtiifu,
Mtumiaji wa saa 48, Tawa.