Hodi Kutoka Shimoni

Hapa Rwamgasa, wanaume wanajua mashimo kama wavuvi wanavyojua ziwa. Usiulize nani amewahi kushuka duarani, yaani shimo la mgodi, kutafuta dhahabu. Uliza nani hajawahi. Mimi, fundi simu niliyehamia na meza moja na kiburi cha watu wanne, nikaamua kuchimba choo changu peke yangu. Bei ya vijana wachimbaji niliiona ya wizi. Shimo si shimo?

Kumbe shimo la mtu mmoja lina hesabu yake. Ujaze ndoo, upande nayo, umwage, ushuke tena. Nikajifanya mjanja, nikawa narusha udongo juu kwa sepetu. Ukarundikana ukingoni, ukaanza kunirudia kichwani. Kina kilipopita kimo changu, nikapindua ndoo nipandie. Ikapasuka.

Kupiga kelele niliona aibu. Miezi mitatu nilimpita bibi wa jirani bila salamu, simu sikioni hata ikiwa haina chaji. Mwishowe nikafanya alichonifunza mama.

"Hodi!"

"Karibu!" Nikasikia kigoda kikisogezwa. Kimya. "Pita ndani basi!"

"Mwadila, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma. "Niko huku chini."

Bibi akapiga mwano, yowe la kuita msaada. Mwano wa Kisukuma hauulizi kama umelipa michango. Punde ukingo ukajaa vichwa. "Mwenzako wa juu yuko wapi?" mmoja akauliza. Swali la haki: duarani huyu anachimba, yule anavuta kamba, mwingine analisha kambi, na mawe yakitoka wanagawana mifuko. Nikasema niko peke yangu. Wakacheka, kisha wakanihurumia, kwa mpangilio huo.

Kamba ikaja. Nikiwa nusu ya safari, kijana mmoja akaokota jiwe kwenye udongo wangu, akalilamba, akaligeuza juani. Wote wakamkimbilia, pamoja na aliyeshika kamba. Nikarudi chini kwa makalio.

Jiwe halikuwa na kitu. Waliponikumbuka walinitoa, wakaingia wenyewe, na kufikia magharibi choo kilikuwa na kina cha heshima na matimba ya magogo juu. Wakala wali na nyama kwa gharama yangu, gharama iliyoipita ile bei ya wizi.

Wiki iliyofuata mjumbe akapita na daftari la rambirambi. Nikatoa hata kabla hajaketi. Akaniuliza aandike nani. Bibi akadakia kutoka uani kwake:

"Andika Duara! Jina lake jingine nani analijua?"