Namna ya Kuwa Jirani Mwema wa Mtaro

Mvua kubwa ikianza usiku kule Mbagala, Dar es Salaam, watu huamka kwa sababu mbili. Wapo wanaoamka kuinua magodoro, na wapo wanaoamka kutupa taka. Hawa wa pili hutoka na kiroba kilichojaa tangu wiki iliyopita, wakakimimina mtaroni, wakarudi kulala kana kwamba mvua ni gari la taka lisilodai ada. Mwongozo huu ni wao, na umeandikwa kwa upendo, maana anayepokea kiroba hicho ni jirani wa bondeni.

Kwanza, ujue mtaro wako unaelekea wapi. Subiri siku ya jua, vaa viatu vigumu, ufuate. Upande wa Temeke unaweza kufika Mto Kizinga, ambao maji yake huchotwa, yakasafishwa kwenye mtambo wa Mtoni, yakarudi bombani. Pampasi ya mtoto wako haina safari ndefu. Upande wa Kinondoni, kinachoachiwa Tandale huingia Mto Ng'ombe, kikakutana na Msimbazi, kikajazana Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu bondeni hadi Mabwepande, na waliohama waliacha nyumba, shule na wateja. Kutapisha choo wakati wa mvua sitakutania hata kidogo: kipindupindu huanzia hapo hapo. Usifanye, na mwenye nyumba akifanya, mwambie mjumbe.

Pili, kikapu. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, tukashangilia, kisha vile vifungashio laini vinavyoonyesha kilichomo ndani vikakalia kiti chake. Sokoni Tandika unanunua nyanya, unapewa kimoja. Pilipili mbili, kingine. Ndimu, cha tatu. Dawa yake ni kuwahi. Nyoosha kikapu kabla muuzaji hajapuliza mdomo wa kifungashio, useme, "Weka humu humu, mama." Ukichelewa, ameshafunga fundo. Kikapu kitundikwe kwenye msumari wa mlangoni, kwa sababu kikikaa uvunguni hutakikumbuka mpaka ufike sokoni. Samaki wawekewe kopo lenye mfuniko.

Tatu ni jiko, na hapa tukae kidogo. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Ni jambo jema, ila maharage ya leo hayawezi kungoja. Mkaa wa Dar unatoka Rufiji, Kisarawe, Mkuranga, mpaka Morogoro, na kila kilo yake imekula kilo kadhaa za mti ndani ya tanuri la udongo. Kwa hiyo, kabla ya kulala, loweka maharage. Asubuhi yataiva mapema, na kopo moja la mkaa litabaki la kesho. Funika sufuria. Ukishaipua, zima makaa yaliyobaki, usiyaache yakachoma hewa kwa sababu tu hakuna wa kuyaonea huruma. Jiko la bati linalopitisha joto ubavuni, libadilishe kwa jiko banifu.

Mwenye uwezo wa mtungi wa gesi autumie kila siku, asiuweke sebuleni kama ushahidi. Asiyeweza kuujaza kwa mkupuo aulizie gesi ya mita, unayolipia kwa simu kadiri unavyotumia. Anayenunua mkaa kwa kopo simlaumu. Kipato cha siku hununua vitu vya siku. Lakini hata huyo ana mfuniko.

Nne, maganda. Sehemu kubwa ya taka za nyumbani Dar ni maganda ya ndizi, mihogo na mabaki ya ugali, vitu ambavyo vikitengwa na plastiki vinakuwa udongo. Manispaa ya Kinondoni ina kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg. Wewe huhitaji Hamburg. Unahitaji kiroba kilichotobolewa, maganda, majani makavu unayofagia na kuchoma kila asubuhi ukimfukizia jirani, na subira ya miezi michache. Mchicha utafanya mengine. Chupa za maji zikae pembeni, kavu. Wapo wanaozikusanya na kuziuza kwa kilo, na watazifuata wenyewe.

Kwenye shughuli, badala ya maji ya chupa, weka ndoo za maji na bilauri. Mashoga watanong'ona siku hiyo. Mtaro ungebeba chupa mia kadhaa mwaka mzima.

Kinachobaki mpe mzoa taka, ila uliza. "Kijana, hizi unazipeleka wapi?" Akijibu, "Zinaenda tu, mama," basi zinaenda korongoni, nawe umelipia. Tafuta anayezifikisha kwenye kizimba zinakochukuliwa na gari kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, hata akidai zaidi kidogo.

Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, mkizibua mtaro msilirundike lile tope ukingoni mkaenda kunywa chai. Mvua ya kwanza hulirudisha lote ndani. Leteni toroli kabla hamjashika majembe, lipakieni bichi, liondoke siku hiyo hiyo.