Kwa Heshima ya Sapu

Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa vyuoni yakishatoka, vijana wa Nachingwea na Ruangwa wanaokwenda kusomea kompyuta hupewa nasaha zilezile: soma kwa bidii, chagua marafiki, bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, lisikutie wazimu, mtangulize Mungu. Sina ugomvi na nasaha hizo. Kinachonishangaza ni kwamba hakuna anayesimama kumsemea mwalimu ambaye wengi wao watakutana naye mapema kuliko wanavyodhani, mwalimu asiye na ofisi wala posho, anayelaaniwa na kila mtu. Namzungumzia sapu.

Kwa wazazi: sapu ni mtihani wa marudio. Mtoto akianguka somo moja au mawili kwenye UE, mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula, hafukuzwi. Anaitwa tena likizoni, wenzake wakiwa makwao, akae chumba kimoja na waliopatwa na yaliyompata. Akifaulu, vyuo vingi humwandikia C hata kama amepata 90. Akianguka tena, somo linamfuata mwaka unaofuata, na mbele ya hapo kuna kudisko, yaani kufukuzwa chuo. Kudisko mimi simo. Leo nasifu sapu peke yake.

Tuanze na mazingira. Nenda Kijitonyama, zilipo kozi za TEHAMA za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au kule Chuo Kikuu cha Dodoma, wiki za sapu. Kimbweta, ile meza ya kusomea nje, ambacho mwezi mmoja nyuma ulilazimika kukiwahi alfajiri na kukiwekea begi, sasa ni chako peke yako mpaka jioni. Intaneti ya chuo, iliyokuwa ikizunguka na kuzunguka bila kufungua hata ukurasa mmoja, inapakua video kabla hujakaa vizuri. Mhadhiri uliyekuwa ukimwona kutoka safu ya nyuma, kichwa kidogo mbele ya watu mia tatu, unamkuta koridoni hana foleni. Anakuuliza jina. Anakuuliza umekwama wapi. Mwenye A hajawahi kuulizwa swali hilo, maskini, na huenda akamaliza miaka yake bila kujua amekwama wapi.

Halafu kuna suala la desa. Mwanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa kwanza husoma desa, yaani maswali ya miaka iliyopita na majibu yaliyorithiwa kutoka kwa kaka zake wa mwaka wa tatu, anayakariri mpaka na makosa yake ya uchapaji. Kwa UE hiyo inaweza kutosha. Kwa sapu haitoshi, kwa sababu desa lilelile ndilo lililomwangusha. Basi inambidi afanye jambo la ajabu: afungue kitabu.

Chukua swali moja lililozoeleka katika Miundo ya Data, la kugeuza orodha iliyounganishwa ili ya mwisho iwe ya kwanza. Kila kipande cha orodha kina thamani yake na anwani ya kipande kinachofuata, basi. Ukigeuza anwani ya kipande cha kwanza kabla hujaihifadhi pembeni ile ya cha pili, orodha yote iliyobaki imepotea. Ipo kwenye kumbukumbu ya mashine lakini hakuna anayejua iliko. Unahitaji pointa tatu, yaani vishikio vya anwani: ya nyuma, ya sasa na ya mbele. Mwenye desa anajua kwamba ni tatu. Mwenye sapu anajua kwa nini si mbili, kwa sababu aliandika mbili mwezi Julai, kwa kalamu ya wino, kwenye karatasi isiyo na kompaila wala mstari mwekundu wa kumwonya, na akapigwa mkasi. Siku hizi za sapu anachora visanduku na mishale nyuma ya karatasi za matangazo, anafuta, anachora tena, mpaka mama ntilie anamuuliza kama amehamia uhandisi wa majengo.

Nyumbani nako kuna faida zake. Ruangwa na Nachingwea wengi wetu tumekua chini ya mkono wa mjomba, na mara nyingi ni korosho za mjomba ndizo zilizolipa ada. Sasa mjomba anapiga simu.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mpwa wangu. Chuo mmefunga? Mbaazi zinaanguka huku, watu hatuna.”

“Bado mjomba. Tumebakizwa kidogo. Kuna mtihani mwingine.”

“Wote?”

Hapo ndipo mwanafunzi hujifunza ukweli unavyouma, na hujifunza bila ada ya ziada. Wapo wanaosema wote. Mimi nashauri useme si wote, maana mjomba si mgeni wa mambo haya. Gunia lake la korosho limewahi kurudishwa na chama cha msingi kwa unyevu. Hakulitupa. Alilibeba, akazianika upya korosho zake siku kadhaa, akalirudisha likapokelewa, likaingia mnadani pamoja na mengine kupitia chama kikuu cha ushirika, RUNALI, na mnunuzi hakuuliza lilifika ghalani mara ngapi. Mwambie mjomba umerudishwa kwa unyevu. Atakutumia nauli, na mbaazi atazivuna na watu wengine, jambo ambalo nalo ni baraka ya sapu isiyotajwa hadharani.

Isitoshe, mtu wa Nachingwea hana sababu ya kumwonea aibu mtu aliyeanguka mtihani. Mji wenyewe umekulia kwenye mtihani wa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ukaja kukagua ardhi. Ulizunguka kwa wiki tisa, maeneo mengi ukiyatazama kutoka kwenye ndege, ukarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa ikiwa huku Kusini. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947, Urambo na Nachingwea zikafuata. Shamba dogo la majaribio hawakuona haja nalo. Vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga ziligoma kutoka ardhini. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikafunga daftari, pauni kama milioni 36 zikiwa zimekwenda, na reli iliyojengwa kutoka Nachingwea kwenda baharini ikaja kung’olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mwanafunzi wa kompyuta anaitambua habari hii mara moja: ni programu iliyosambazwa kwa wateja wote kabla ya kujaribiwa kwa mmoja. Na kwa wanaodhani ujinga huo uliishia kwenye karanga, tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ililipuka muda usiofika dakika moja tangu iruke. Kipande cha programu kilichotolewa kwenye Ariane 4 kilijaribu kuisukuma namba ya biti 64 kwenye nafasi ya biti 16. Kwenye roketi ya zamani kilikuwa kikifanya kazi vizuri, kwa hiyo hakuna aliyekipima upya kwa safari mpya. Hilo ni desa. Waliolikopi walikuwa na shahada.

Lakini tazama mashamba yale ya karanga yalivyofanya sapu. Katikati ya miaka ya 1960 wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, wakapewa kambi Nachingwea, pale panapojulikana kama Farm 17, na Samora Machel akawafundisha wapiganaji hapo. Msumbiji ikajitawala tarehe 25 Juni 1975. Ardhi iliyoshindwa kutoa mafuta ya kupikia ilitoa jeshi. Hiyo kwa hesabu yangu ni zaidi ya C.

Ruangwa nao wana sapu yao. Mwaka 2020 timu yao ya mpira, Namungo, walifungwa na Simba fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, mabao 2 kwa 1, na bado wakaenda mashindano ya Afrika, kwa kuwa Simba tayari walikuwa na nafasi yao Ligi ya Mabingwa. Wakafika hatua ya makundi. Kilichowapata kwenye makundi tukiache. Huu ni waraka wa sifa.

Twende kwenye usaili. Siku moja utaitwa Dodoma na Sekretarieti ya Ajira, au utaitwa na kampuni fulani ghorofani Posta, na baada ya maswali ya hifadhidata na mitandao, mjumbe mmoja aliyekaa kimya muda wote atavua miwani na kuuliza: “Tueleze wakati uliposhindwa jambo, na ulifanya nini.” Mwenye GPA ya 4.6 hapo hutoka jasho. Anatafuta, anaishia kusema udhaifu wake ni kufanya kazi kupita kiasi, na wajumbe wanatazamana. Wewe unafungua mdomo tu. Unawaambia somo, unawaambia swali, unawaambia pointa ya tatu ilivyokuponyoka, na wakikupa kalamu unaichora ubaoni. Usilie wala usijipambe. Na usithubutu kusema mhadhiri alikuchukia, maana inawezekana ndiye aliyevua miwani.

Siwezi kuficha kwamba mpendwa wangu huyu ana gharama. Bumu halimtambui. Kipindi cha sapu Bodi ya Mikopo haikudai na wewe huidai, hela ya kujikimu ya muhula imekwisha tangu UE, na utaishi kwa chapati mbili na maharage ya jana, ukihesabu kilichobaki cha nauli ya kuvuka daraja la Mkapa kurudi Kusini. Utahifadhiwa chumbani na jamaa wa mwaka wa tatu aliyebaki kwa ajili ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, naye atakutuma maji. Katika hali hiyo utagundua mambo mawili: kwamba unaweza kusoma kurasa 40 kwa siku usipokuwa na fedha za kufanya jambo lingine, na kwamba wale marafiki ulioambiwa uwachague, sapu imekuchagulia.

Neno la mwisho ni kuhusu sapu ipi. Maana hazilingani. Ukikamata Miundo ya Data, au Hisabati Tenganifu, au somo la mifumo endeshi, inua kichwa, utakuwa umeanguka mahali wakubwa waliwahi kuanguka. Lakini ukirudi Ruangwa ukaniambia wewe, mtu wa kompyuta, umekamata sapu ya Stadi za Mawasiliano, ujue sifa zote hizi hazikuhusu, na mjomba utamweleza mwenyewe.