Mirabaha ya Mzee

Naunga mkono, tena kwa mikono miwili, wanaotaka familia ya kiongozi ilipwe kila hotuba yake inapochezwa. Warithi wa Martin Luther King waliiburuza televisheni ya CBS mahakamani huko Marekani kwa ajili ya hotuba ya 1963. Warithi wa Idi Amin huko Koboko wamekosa nini? Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inamlinda mtunzi miaka 50 baada ya kifo. Mzee wetu alifia Jeddah 2003, kwa hiyo hadi 2053 maneno yake ni shamba la urithi, na mkono mtupu haulambwi.

Tuanze na tangazo lake la Agosti 1972, lililowapa Waasia siku 90 za kufungasha virago. Kazi safi: linaeleweka, na wasikilizaji hawakubaki nyuma kuuliza maswali. Waliacha hata maduka yao, kama shukrani. Hotuba ya Umoja wa Mataifa, 1975, ina utata kidogo, maana sehemu kubwa ilisomwa na balozi wake; labda naye apewe posho ya sauti.

Wapo wakorofi wanaotaka hesabu ianzie kwa wasikilizaji. Eti wengi walishalipa. Eti hata Arua na Koboko walilipa 1980, jeshi la waliompindua Mzee lilipokuja kukusanya deni, na waliokosa chenji wakakimbilia Zaire na Sudan, sufuria kichwani. Hivyo ni vijideni tu, havina risiti. Mirabaha inataka stakabadhi, na mwombaji afike mwenyewe ofisini, akiwa hai.