Wakazi Wote Mnatangaziwa

Gari la matangazo la mtaa wetu ni kirikuu chenye spika mbili juu ya bodi, na linaendeshwa kama mtu anayekimbia mdai. Linaingia kwa barabara ya juu, linateremka bondeni, linapanda upande wa pili, na katika msafara wote huo, mtu aliyesimama getini kwake anabahatika kusikia maneno matatu: "Wakazi wote mnatangaziwa..." Likishasema hivyo linakata kona. Linapoibukia nyuma ya nyumba za jirani, tangazo limeshafika mkiani: "...saa tatu kamili asubuhi, ofisi ya serikali ya mtaa, bila kukosa."

Ijumaa moja jioni lilipita. Mke wangu, aliyekuwa akianua nguo, alisikia "chanjo". Jirani yangu wa kushoto akaapa kuwa yeye kasikia "mchango". Kijana wa bodaboda aliyelifuata kwa nyuma mpaka kilimani akarudi na neno moja tu, "mbwa". Tukasimama pale barabarani tunaunganisha. Kama ni chanjo ya kichaa cha mbwa, basi apelekwe mbwa. Kama ni chanjo ya watoto, apelekwe mtoto, na huyo mbwa aliyetajwa ni wa kufungiwa asizurure watoto wakipita. Kama ni mchango, hapelekwi mtu wala mnyama, tufunge mageti tunyamaze.

Jumamosi saa tatu kamili jirani alikuwa ofisi ya mtaa na mbwa wake. Mke wangu alikuwa pale na mtoto na kadi ya kliniki. Ofisi ilikuwa na kufuli. Baadaye mlinzi wa jengo la pili akawaeleza, bila hata kucheka, kwamba kijana wa spika alikosea flashi: lile lilikuwa tangazo la wiki iliyopita. Na hata la wiki iliyopita sikumpata mtu wa kunieleza lilihusu nini. Mbwa alirudi bila chanjo, akiwa amejifunza njia ya ofisini. Siku hizi anakwenda mwenyewe.

Sisi ni watu wa Goba, huku vilimani, ambako tulinunua viwanja kwa sababu mjini hatukuviweza, tukajenga kabla barabara haijaamua ipite wapi. Mvua ikinyesha barabara inaamua upya. Mtaa wa namna hii unahitaji kutangaziwa mambo: maji yanatoka lini, umeme unakatwa lini, gari la taka linapita lini, daraja la magogo bado lipo au limeondoka na maji. Wala siwezi kusema hatutangaziwi. Tunatangaziwa kupita kiasi. Ukitoka nje asubuhi, kabla hujafika stendi umeshasoma zaidi ya mwanafunzi wa kidato cha nne.

Anza na kuta. Nyumba ya nne kutoka kwangu imeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi za kimo cha mtoto: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni kutoka nje ya Dar es Salaam hushangaa, maana hakuna aliyemwambia inauzwa. Sisi tunaelewa. Jiji hili lina watu wanaoweza kuiuza nyumba yako wewe ukiwa kazini, wakampeleka mnunuzi akakagua mpaka jiko lako, wakala hela yake na kupotea. Na palipo na mirathi, muuzaji anaweza kuwa ndugu yako wa damu. Basi mwenye nyumba akaandika. Kosa ni kwamba kabla ya kuandika hakuna aliyewahi kumuuliza bei. Tangu aandike, madalali hawaachi kugonga, kwa sababu dalali wa mji huu akisoma "haiuzwi" anachoelewa ni kwamba dau bado halijafika.

Mbele kidogo kuna ukuta wa gereji: MARUFUKU KUKOJOA HAPA, FAINI 50,000. Hatua chache baadaye, ukuta wa mbao za saluni: USIKOJOE HAPA, FAINI 20,000. Kwa hiyo mwenye haja analinganisha bei. Faini yenyewe sijapata kuona mtu akiilipa, wala sijui angemlipa nani, wala risiti ingeandikwa ni ya huduma gani.

Kwenye nguzo za umeme ndiko kwenye maktaba yetu. Mganga anayerudisha mume aliyepotea amebandikwa juu ya mwalimu wa twisheni, mwalimu amebandikwa juu ya fundi friji, na wote wamefunikwa na dalali: chumba, sebule, choo ndani, maji yapo. Hayo "maji yapo" yasomeni kwa ucha Mungu. Chini kabisa, ukichungulia vizuri, unaona ncha ya karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Hilo ndilo tangazo halali.

Nimelifikiria sana jambo hili, hasa usiku umeme unapokuwa umekatika, na nimefika mahali. Tangazo la mtaa halitolewi ili ujue. Linatolewa ili usije ukasema hukujua.

Mfano ni mjumbe wetu. Mzee huyu ni balozi wa nyumba kumi wa tangu zama zile. Mabalozi waliletwa na TANU katika miaka ya 1960, wakawa jicho, sikio na mdomo wa serikali kwenye kila kundi la nyumba. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 wakabaki kuwa viongozi wa mashina ya chama, na kazi za serikali zikaenda kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye vitabu. Mtaani kwetu, mtu akipigana na mkewe bado anapelekwa kwa mzee. Nikaenda kumuuliza kuhusu ule mkutano wa barabara ambao uliamua kila kaya itoe elfu ishirini za kifusi, mkutano ambao mimi sikuusikia hata kwa tetesi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba. Karibu. Umekuja na ile elfu ishirini?"

"Hapana mzee, nimekuja kuuliza mkutano ulitangazwa lini."

Akainuka taratibu, akaingia ndani, akarudi na daftari la kaunta lenye jalada la bluu. Akafungua, akalamba kidole, akapeleka kidole kwenye mstari. Lilikuwa limeandikwa jina langu, tarehe, na mbele yake: ALITANGAZIWA. Nikamwambia mzee, siku hiyo mimi nilikuwa Morogoro kwenye harusi. Akanitazama kwa huruma. "Ndiyo, geti lilikuwa limefungwa. Nikalitangazia geti."

Elfu ishirini nikatoa.

Watu wa maji nao wana yao. Mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao, ratiba zilitolewa mpaka tukajisikia watu wa Ulaya: eneo fulani siku fulani, saa fulani mpaka saa fulani. Huku kwetu maji yalikuja saa nane usiku wa siku isiyokuwemo, yakatoka dakika za kutosha kuloanisha ndoo, yakaenda zake. Wake za watu walishaanza kulala na ndoo mlangoni. Umeme ndiyo kabisa. Ujumbe wa kuomba radhi kwa "usumbufu utakaojitokeza" ulinifikia simuni mara tu umeme uliporudi, kwa sababu kabla ya hapo simu ilikuwa imezima chaji. Walinitangazia. Hilo siwezi kulikana mbele ya hakimu.

Gari la taka sitalisema sana, nina presha. Niseme tu kwamba gari lenyewe halina siku, lakini yule dada wa risiti za taka ana siku, ana saa, na nyumba yangu anaijua mpaka mlango wa uani.

Msidhani ufundi wa kutangaza haupo. Upo. Oktoba 2024, ilipotakiwa tujiandikishe kwenye orodha ya wapiga kura wa serikali za mitaa, kuanzia tarehe 11 hadi 20, hakuna kiziwi aliyekosa kusikia. Kirikuu kilekile, spika zilezile, lakini kilipita mwendo wa bibi harusi, kikisimama kwenye kila kona, kikirudia tarehe na kituo mpaka kasuku wa jirani akazishika. Novemba 27 tukapiga kura, na Novemba 28 kirikuu kikarudia mbio zake za awali.

Na ipo aina nyingine ya tangazo isiyohitaji hata spika. Mwaka 2021 kodi ya jengo ilipohamishiwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, wapo waliosikia redioni na wapo wasiosikia. Wote walijua siku waliponunua umeme wakapata uniti pungufu. Mpangaji wangu wa chumba cha uani alikuja mbio kuniuliza jengo ni la nani. Nikamjibu ni la wote.

Kisha kuna vibao. Mwaka 2022, wakati wa operesheni ya anwani za makazi, kabla ya sensa ya Agosti, tuliamka tukakuta njia yetu ina nguzo ya chuma, kibao na jina. Geti langu lilipewa namba. Nilifurahi kwelikweli, nilijiona mtu anayeweza kuandikiwa barua. Siku ya kwanza nikamwelekeza dereva wa bodaboda kwa jina la barabara na namba ya nyumba. Akanyamaza kwenye simu. Akauliza, "Sasa bosi, hapo ni kabla ya mwembe au baada ya mwembe?" Mwembe wenyewe ulikatwa zamani, hata kisiki hakipo. Lakini mtaa mzima unaelekezana kwa mwembe usiokuwepo, duka la Mpemba aliyekwisha kuhama, na "pale palipokuwa na baa". Nikamwambia, baada ya mwembe. Akafika dakika tano.

Wakati huo huo habari zenyewe, zile za kweli, zinatembea bila muhuri. Mama wa genge pale njia panda anajua nani kapata mkopo, nani kahamisha vitu usiku, na tangi la nani limejaa. Anakuambia huku anakufungia nyanya, wala hapandishi sauti. Na msiba! Mtu akifariki mtaani kwetu saa kumi alfajiri, saa moja turubai liko juu, viti vimeshushwa, akina mama wako jikoni, na kiasi cha rambirambi kwa kila nyumba kinajulikana. Hakuna kirikuu kilichopita. Mtu mmoja aligonga mlango, akasema "hodi", akasubiri aitikiwe, akaeleza, akahakikisha umeelewa, akaenda mlango wa pili. Kwa nini maiti apewe heshima hiyo na bomba la maji linyimwe, mimi sijui.

Basi swali hilo nikaenda nalo mkutanoni. Mkutano wa mtaa uliitishwa chini ya mkorosho karibu na ofisi, saa nne, ukaanza saa sita na nusu akidi ilipokaribia kupatikana. Ajenda zikapita: ulinzi shirikishi, mitaro, wafugaji wa mbuzi wasiofunga mbuzi. Yalipofika mengineyo nikanyoosha mkono. Nikasema yote. Nikaisema flashi, nikalisema daftari, nikalisema geti lililotangaziwa. Watu wakapiga makofi. Mzee mjumbe naye akapiga makofi, nadhani hakusikia vizuri. Nikakaa chini nikiwa nimejaa kifua.

Mwenyekiti akasimama. Akasema mchango wa mzungumzaji ni mzito, umeupa mtaa changamoto, na ofisi imeupokea. Akasema kwa kuwa ndugu yetu ana uchungu na jambo hili na Kiswahili chake kimenyooka, anapendekeza iundwe kamati ndogo ya matangazo na yeye awe katibu wake. Wanaoafiki? Mikono ikapanda kama ya watu wanaosalimisha silaha. Ya jirani yangu mwenye mbwa ilipanda yote miwili.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa tangazo la usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nililiandika kwa kalamu pana, herufi kubwa, nikaeleza siku, saa, mahali, vifaa vya kuja navyo. Nilikusudia kupita nyumba kwa nyumba na kupiga hodi, kama watu wa msiba. Nyumba ya kwanza nikakaribishwa chai. Ya pili nikaelezwa historia ya mpaka wa kiwanja. Ya tatu walikuwa na mbwa ambaye hajachanjwa. Jua likawa linazama, nami nina mke na watoto, nikatafuta nguzo iliyo wazi kuliko nyingine, nikabandika karatasi yangu kwa ugali wa moto, nikagonga muhuri. Halafu, bila kushauriwa na mtu, nikatoa simu nikaipiga picha, tarehe ikionekana vizuri.

Kesho yake nilipopita pale dalali alikuwa ameshabandika juu yake: chumba, sebule, choo ndani, maji yapo. Jumamosi tulijitokeza watatu, mimi, mzee mjumbe na mbwa. Jioni jirani akanikuta dukani, akaniuliza kwa ukali kwa nini kamati haikuwatangazia wakazi usafi. Nikamwonyesha picha.