Sweta la Kukulia

Jumatatu hii asubuhi, mwalimu wa zamu wa shule moja ya msingi huku Igogwe aliniweka kwenye mstari wa wachelewaji. Mwanangu alikuwa hatua mbili nyuma yangu, mkavu, amejifunika kanga, anatazama migomba kwa makini kana kwamba hajawahi kuniona.

Kulikuwa na ukungu. Anayeijua Igogwe anaujua: unateremka kutoka mlimani na haraka zake, unameza migomba, unameza bomba la maji, unameza geti la shule, unabakiza sauti tu. Ndani ya ukungu huo mwalimu aliona vitu vitatu: kichwa kilichonyolewa, sweta la bluu lenye nembo ya shule kifuani, na kimo cha darasa la saba. Vyote vitatu vilikuwa vyangu. Nywele nilizinyoa kukwepa bei za saluni, na kimo nilipewa na Mungu bila kuulizwa.

"Wewe wa nyuma! Unajificha nini? Ingia mstarini!"

Niseme ukweli, sauti ya mwalimu ina mamlaka ya kutisha juu ya mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi Tanzania. Miguu ilikwenda yenyewe. Mikono ikashuka ubavuni yenyewe. Na watoto walipoimba "Shikamoo mwalimuuu," mdomo wangu nao ukaimba, na yule kijana, ambaye ningewahi kuolewa ningeweza kumzaa, akaitikia "Marahaba" kwa utulivu wa mtu anayepokea haki yake.

Nimelitafakari hili hadi usiku. Ukimpa mtu elfu kumi badala ya elfu moja unaweza kumfuata akurudishie. Shikamoo uliyompa mtoto wa mwenzio unaidai wapi?

Ukaguzi ukaanza. Kucha: nyoosheni mikono. Nikanyoosha. Za kwangu zilikuwa na udongo wa viazi, akaguna akapita. Soksi: alipofika kwangu alikuta yeboyebo. "Hivi ndiyo viatu vya shule?" Nikajibu, na sijui kwa nini nilijibu, "Ni vya shamba, mwalimu." Mstari mzima ukacheka, na nikasikia kicheko kimoja ninachokifahamu vizuri kwa sababu nimekizaa mwenyewe.

"Pigeni magoti wote!"

Wenzangu walipopiga magoti nikabaki nimesimama peke yangu, na hapohapo, kwa ukatili wake wa kawaida, ukungu ukanyanyuka kidogo. Kitenge changu kikaonekana kuanzia kiunoni.

"Mama! Samahani sana mama. Shikamoo mama." Halafu, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu: "Lakini mama, mbona umevaa sare?"

Swali halali. Jibu lake ni refu, na pale getini sikupewa nafasi ya kulimaliza.

Kwanza, sweta lile ni la kukulia. Mzazi wa huku hamnunulii sweta mtoto aliye naye. Humnunulia yule anayemtarajia. Mtoto wa darasa la tatu huvishwa sweta la darasa la saba, mikono inakunjwa hadi kiwiko, pindo linagusa magoti, na mwalimu akiuliza anajibiwa "atakua." Hesabu hiyo ina akili, ila ina tundu moja: katika miaka hiyo minne ya kusubiri, mtu pekee ndani ya nyumba anayeenea vizuri ndani ya sare ni mama.

Pili, lilikuwa bichi. Nimelifikiria suala la sweta kukauka kuliko inavyompasa mtu mzima, na kwa kweli limenivutia. Nguo haikaushwi na jua tu. Hukaushwa na hewa yenye nafasi ya kubeba maji. Hewa yetu haina nafasi. Upepo hutoka Ziwa Nyasa, lililo chini huko kwenye mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, ukiwa umejaa maji tayari, unapanda hadi kugonga Mlima Rungwe, ambao unakaribia mita 3,000, unapoa, na kila ulichobeba unakitua juu ya kamba yangu ya nguo. Miteremko hii hupata milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na kupita. Dodoma, inakokaa serikali, kwa wastani haifiki 600. Huko unafua sweta saa nne, mchana unalivaa. Huku unalifua Jumamosi kwa imani.

Halafu kuna ufumaji wenyewe. Masweta mengi ya shule hufumwa kwa uzi wa akriliki. Uzi huo haunywi maji sana, lakini vitanzi vyake huyashika katikati, maelfu ya vitanzi, kila kimoja na tone lake. Ukilianika kwa mabega, uzito wa maji unavuta mikono chini. Wiki hadi wiki mikono inarefuka. Kwa hiyo sweta la kukulia, ambalo mtoto alitakiwa kulifikia, linakua pamoja naye, na kwa kasi kumshinda. Nimepima dhidi ya mlango. Mtoto anashindwa.

Ukilitandaza lilale bapa halirefuki, ila halikauki. Ukilitundika juu ya mafiga linakauka na moshi ndani. Ndiyo maana mvua zikikolea darasa zima linanukia jikoni. Pasi ya mkaa tuliijaribu: ina jogoo mzuri wa chuma pale mbele anayefunga kifuniko, na matundu ubavuni ya kupitishia hewa, na ndani ya matundu hayo hutoka cheche moja tu, ambayo siku zote inaijua njia ya kwenda kifuani. Akriliki haiungui kistaarabu kama pamba. Inayeyuka.

Kilichobaki ni mwili. Mwili wa binadamu una nyuzi joto 37, hauli kuni, hautoi moshi. Unalivaa sweta bichi, unapanda nalo kilima kwa mwendo wa haraka, na ukifika getini linakuwa limekauka kiasi cha mtoto kuvaa bila kukohoa. Hapo mnabadilishana. Mbinu hii inafanya kazi, na ningependa iingie kwenye kumbukumbu kwamba sweta la Jumatatu lilikuwa kavu kabisa wakati ninakaguliwa.

Sasa nisicheke kidogo. Tangu Januari 2016 elimumsingi haina ada, na tulishangilia. Mwaka huohuo Waraka wa Elimu Namba 3 ukagawa majukumu, na sare ikaangukia kwa mzazi. Sawa, mtoto ni wangu. Lakini sare inadaiwa Januari, mwezi ambao fedha yetu yote iko chini ya udongo katika umbo la mbegu ya viazi, na viazi vyenyewe vikija kuvunwa vinaondoka kwa lumbesa, gunia lililovimba hadi limefungwa kofia ya kamba, kwa bei ya gunia la kawaida. Ninanunua sweta kubwa kwa sababu sina uwezo wa kununua mawili madogo. Kisha mtoto anaambiwa mbele ya wenzake kwamba sweta linampwaya.

Na kaptula! Nani aliyemchagulia mvulana wa Rungwe kaptula? Lilikuwa vazi la askari na maofisa wa Kiingereza waliokuwa wanakimbia joto. Mwezi Julai, asubuhi, huku hushuka hadi nyuzi kumi na chini yake, na watoto wa kiume wanasimama mstarini magoti yamepauka, wanaimba wimbo wa taifa meno yakigongana, mbele ya walimu waliovaa makoti. Shati nalo ni jeupe, katika nchi ya udongo wa volkano. Mtoto anakwenda shule mweupe na kurudi na ramani ya wilaya mgongoni. Mimi si mtaalamu wa malezi, ila mtoto anayetetemeka hasomi, anasubiri kengele.

Mengine niyataje tu yapite. Soksi nyeupe zilirudi moja. Sketi ya marinda niliipiga pasi marinda yakaelekea pande mbili tofauti. Nembo niliishona juu chini, ikakaa hivyo muhula mzima, na hakuna aliyegundua.

Ninachoomba hakihitaji waraka wala bajeti. Kuanzia Mei hadi Agosti, wavulana waruhusiwe suruali, na sweta lolote la bluu likubalike hata kama limetoka mtumbani, lenye nembo au lisilo nayo. Kikao cha wazazi kitafanyika kabla ya likizo ya Juni. Wazazi wenzangu, njooni wengi, na mkae mbele, maana mimi nikisimama peke yangu sionekani.