Barua ya Wazi kwa Mabwana wa Benki juu ya Sulhu ya Mto Kihansi

Kwa Waheshimiwa Mabwana wa Benki ya Dunia, Washington. Na nakala kwa kila mwenye kalamu ya kutia sahihi juu ya maji yasiyo yake.

Baada ya salamu na taadhima inayowastahiki watu ambao sahihi yao hugeuza maporomoko kuwa umeme, nawaandikia kuwashukuru. Najua shukrani za huku kwetu huwafikia kwa nadra, kwani wengi wanaoandika juu ya Kihansi huandika kwa hasira, ama kwa kuwa umeme umekatika, ama kwa kuwa chura amekufa. Mimi, alhamdulillahi, sina hasira, nina mshangao tu.

Mto huo, kabla haujaonwa na wahandisi, ulikuwa ukishuka kutoka milima ya Udzungwa kwa maporomoko yanayofuatana, ukirusha manyunyu usiku na mchana juu ya viwanja vya majani ambavyo jumla yake haikuzidi ekari tano hivi. Na ndani ya manyunyu hayo aliishi chura wa rangi ya dhahabu, asiyetimia sentimita tatu, azaaye watoto walio hai badala ya kutaga mayai, wala hajapata kuonekana mahali pengine popote duniani kwa asili yake. Fedha zenu za bwawa la umeme ziliidhinishwa mwaka 1993, zikafuatwa na fedha za Wanorwei, Waswidi na Wajerumani. Chura akagunduliwa mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kushika kasi. Hapa ndipo ninapoanza kuwasifu, kwa maana kadhi wa kawaida humsikiliza mdai kwanza ndipo akatoa hukumu, na kwa hivyo hupoteza muda mwingi. Ninyi hukumu mliitoa, mkaanza kuitekeleza, kisha wakatumwa wataalamu bondeni wakatazame kama mdai yuko.

Alikuwako, masikini. Mwaka 2000 maji yalipoingizwa katika handaki ili yaendeshe mitambo ya megawati 180, bonde lilipoteza kadiri ya sehemu tisa katika kumi za maji yake, na manyunyu yakakoma. Mwisho wa mwaka huo vyura 499 wakakusanywa na kupelekwa kwa ndege Marekani, wakapokelewa katika bustani ya wanyama ya Bronx bila ya kuulizwa barua ya benki wala ithibati ya kwamba watarudi kwao, maswali ambayo sisi wengine twayajua sana. Waliobaki wakatandikiwa mabomba ya kunyunyizia, na hivyo kile ambacho mto ulikuwa ukikitoa bure tangu zama za kale kikawa ni mradi, wenye mkopo wake, meneja wake, na ripoti yake ya kila mwaka.

Ndipo ikaja sulhu yenyewe. Mto ambao kwa wastani ulikuwa ukipitisha mita za ujazo kama 16 kwa sekunde uliachiwa baina ya 1.5 na 2, yaani fungu la kumi na ziada kidogo. Wanafiqhi wetu wanalijua fungu hilo: mazao yaliyonyweshwa na mvua hutolewa ushuri, moja katika kumi, na atoaye ni mwenye shamba, apewaye ni fakiri. Kihansi hesabu haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba mwenye shamba ndiye aliyepewa ushuri, naye akahesabiwa kuwa mtu mwenye bahati. Na hata huo wako wauoneao uchungu, kwani mita mbili za ujazo kwa sekunde zikiporomoka zaidi ya mita 800 ni karibu megawati 14, na kwa jicho la mhasibu kila tone lipitalo bondeni ni shilingi iliyomwagika. Simlaumu mwananchi anung'unikaye kwamba anakaa gizani kwa ajili ya chura; nastaajabu tu kwamba katika sehemu kumi za maji ameiuliza ile moja ilikokwenda, na zile tisa hazimshughulishi.

Lakini maji, Waheshimiwa, hayana kiasi tu, yana na hali. Mabishano yaliyosikika barazani na magazetini yalikuwa ya ujazo, ni kiasi gani kipite na kiasi gani kizuiwe, kana kwamba vyote vipitavyo mtoni ni maji. Mwezi Juni 2003 vyura wa bondeni walikadiriwa kufikia 20,000, na wenye mabomba walikuwa na haki ya kujipongeza. Katikati ya mwaka huo bwawa likafunguliwa lisafishwe tope, na katika tope hilo yakakutwa masalio ya dawa za kuulia wadudu wa mashambani. Miezi michache baadaye, Januari 2004, walioonekana walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Katika maiti zao kulikutwa pia kuvu auaye vyura katika nchi nyingi, na hadi leo wataalamu hawajaafikiana kama ni kuvu, au sumu, au uhaba wa maji uliowadhoofisha mapema. Kwa mdaiwa hakuna heri kuliko mauaji yenye washukiwa wengi. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba chura huyo ametoweka porini. Mwaka 2012, wajukuu wa wale wasafiri wa Bronx wakaanza kurejeshwa chini ya mabomba yao.

Ningeikomesha barua hapa, lau mto nao ungekoma Kihansi. Maji yale, yakishatoka mitamboni, huingia Kilombero, na Kilombero huingia Rufiji, ambako sasa limesimama Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Najua mkono wenu haumo humo, taifa limejilipia lenyewe. Ila mtindo wenu wa sulhu hausubiri mkopo ili unakiliwe. Na chini ya bwawa hilo wako wakulima wa mlau, ambao hupanda katika unyevu na rutuba iachwayo na mafuriko, na wavuvi wa mikokoni mwa delta, watu ambao, kwa wingi wao na kwa urefu wao unaozidi sentimita tatu, hawatapata nafasi Bronx.

Basi ombi langu kwenu, na kwa wote mtakaowafundisha kazi hii, ni dogo. Kabla ya sahihi ijayo, aulizwe kwanza aliye chini ya maporomoko. Na maji yaachiwayo kila bwawa yapimwe, ujazo wake na tope lake na sumu yake, na mtu asiyeuza umeme, kisha vipimo hivyo vibandikwe kila mwezi, kwa Kiswahili, katika ofisi ya kila kijiji ambacho mto huo hukipitia.

Wasalaam.